Ndege ya Chelewa na Mpira: Jinsi ya Kuiunda na Kuirusha Pemba

Aliyekulia Pemba akirusha tiara ana jambo moja la kusahau kabla hajaunda ndege ya mpira, nalo ni upepo. Tiara huuomba upepo. Ndege hii huuogopa. Tiara ina uzi, na ukikosea unavuta au unalegeza mpaka ikae sawa. Ndege ya mpira ukishaiachia haina uzi, haina betri, haina rimoti. Kila unachotaka ifanye huko juu lazima uwe umeshaiambia ungali umeishika mkononi. Kwa hiyo kuunda ni robo ya kazi na kurekebisha ni robo tatu, na wengi ninaowajua walioacha mchezo huu waliacha siku ya kwanza kiwanjani, wakiwa na ndege nzuri kabisa mkononi.

Ndege yenyewe ni uti mmoja wa mti mwepesi, bawa la karatasi, mkia, pangaboi mbele, na mpira uliosokotwa chini ya uti. Mpira ukijisokotoa, pangaboi huzunguka. Ukiisha nguvu, ndege huteleza hewani taratibu mpaka chini. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ya namna hii mbele ya watu katika bustani ya Tuileries, Paris, mwaka 1871, ikakaa hewani sekunde 11. Miaka saba baadaye, huko Marekani, Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe kitu cha kuchezea kilichopaa kwa mpira, kimeundwa kwa kizibo, mianzi na karatasi. Wanawe hao ni Wilbur na Orville, ambao mwaka 1903 walirusha ndege yenye injini. Mimi hupenda kuwaambia vijana kwamba kizibo, mianzi na karatasi vyote vipo Chake Chake, mjini kwetu Pemba. Na sekunde 11 za Pénaud ndizo ninazowapa kama shabaha ya kwanza.

Vipimo

Andika hivi kwenye daftari na usibadilishe kitu mpaka ndege ya kwanza imeruka. Uti: sentimita 35. Bawa: urefu wa sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, upana 8. Mkia wa kulala: 16 kwa 6. Pezi la kusimama: 6 kwa 6. Pangaboi: sentimita 15 kutoka ncha hadi ncha. Uzito wote pamoja na mpira usizidi gramu 20, ambao ni kama vijiko vitano vya chai vya sukari, vya kufuta. Ukiwa na jamaa sonara, mwombe akupimie kwenye mizani yake. Atacheka, lakini atapima.

Gramu hizo 20 zisikupite kama maneno tu. Ndege nzito lazima iende mbio ili ibebwe na hewa, na inayokwenda mbio hugonga kwa nguvu, ikavunjika, ukaongeza gundi na vijiti vya kuikaza, ikawa nzito zaidi. Nimeona ndege ikizaa uzito namna hiyo wiki tatu mfululizo mpaka ikawa nzuri kwa kufukuzia kuku tu.

Hatua ya kwanza: vijiti

Wenzetu wa nje hutumia balsa, mti mwepesi wa Amerika Kusini. Sisi tutumie mwale. Miwale huota mabondeni penye maji, na upongoo wake, yaani mti wa katikati ya kuti lake, ukiukausha vizuri kivulini huwa ndani laini na mwepesi mno. Chana kipande cha sentimita 35, upana wa sentimita 1 na unene wa milimita 7, ukiacha ganda jembamba gumu upande mmoja. Ganda hilo ndilo litakalozuia uti usipinde mpira ukikazwa. Ukikosa mwale, chukua vijiti viwili vya mishkaki, viweke sambamba, katikati yake bandika vipande vidogo vya kuvitenganisha kama ngazi. Utapungukiwa urefu kidogo, lakini inaruka.

Kwa bawa na mkia, chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi. Usichukue fagio la mtu bila ruhusa. Mimi nilifanya hivyo utotoni na bibi alinionyesha matumizi mengine ya chelewa. Kila chelewa ina upande mnene na upande mwembamba. Tumia upande mnene, ule wa chini, na unene huo uelekee katikati ya bawa, wembamba uelekee nchani. Chagua zinazolingana: shika mbili kwa pamoja ncha moja, zibonyeze kwa kidole, utazame kama zinapinda sawasawa. Bawa la kulia likiwa gumu kuliko la kushoto, utahangaika kiwanjani siku nzima ukitafuta kosa lililoko mezani.

Hatua ya pili: bawa

Chora bawa lote kwenye karatasi, uibandike juu ya ubao laini. Tengeneza kila nusu peke yake, sentimita 20 kila moja: chelewa moja mbele, moja nyuma, na mbavu nne za vipande vyembamba katikati yake, moja kila baada ya sentimita 6 hivi. Mbavu ziwe zimepinda kidogo kwenda juu, kama mgongo wa samaki, kimo cha milimita 5 tu. Zipinde kwa kuziroweka kwenye maji usiku kucha, kisha uzifunge kwenye chupa zikauke. Wanaotumia mwanzi huupinda juu ya moto wa koroboi, na hiyo ni njia safi pia, ila kwa chelewa moto huunguza kabla haujapinda.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Tone dogo, kwa ncha ya kijiti. Supaglu ni ya haraka lakini huacha kiungo kikavu kinachokatika kwa mshtuko. Mimi huiweka kwa ajili ya matengenezo ya kiwanjani.

Sasa unganisha nusu mbili ziwe kama herufi V iliyofunguka sana: laza nusu moja mezani, ncha ya nyingine iinuliwe sentimita 8, kisha gundi pale katikati na ufunge kwa uzi. Mtu akiishika ndege mbele yake ataona kila ncha imepanda sentimita 4. V hii ndiyo rubani wako. Ndege ikilala upande mmoja huanza kuteleza kuelekea huko, hewa ikalisukuma zaidi bawa lililo chini, na ndege ikarudi sawa yenyewe. Bila V itajipindua mara moja.

Hatua ya tatu: karatasi

Ile ile ya kishada, laini, ya rangi. Funika upande wa juu tu. Paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, weka karatasi, vuta mikunjo itoke, kata ukingo ukishakauka. Baadaye nyunyiza maji mepesi kama ukungu. Karatasi hulegea, kisha ikikauka hukaza kama ngoma. Lakini wakati inakauka bawa libanwe juu ya ubao kwa pini, nusu moja moja, ama sivyo litapinda kama papa mkavu.

Watoto wa tiara hupenda kubandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Unashika vizuri, ni kweli. Ila mimi nilibandika bawa zima kwa uji huo, nikalitundika ukutani, na asubuhi nikakuta mende wamekula mistari yote ya gundi, karatasi inaning'inia kama shela. Gundi nyeupe.

Na unyevu wa kisiwa hiki usikushangaze: karatasi iliyokaza mchana huonekana imelegea alfajiri. Itakaza tena jua likipanda, usiinyunyizie maji zaidi.

Hatua ya nne: mkia na pezi

Fremu mbili za chelewa nyembamba, bapa, bila kupinda. Karatasi upande mmoja. Usinyunyize maji, maana fremu hizi ni dhaifu na zitapinda. Mkia ukae nyuma kabisa ya uti, umelala sawa na uti wenyewe; pezi lisimame juu yake.

Hatua ya tano: pangaboi

Hapa ndipo ndege nyingi hufia, basi nenda polepole. Kata majani mawili kutoka kwenye kikopo cha plastiki cha mtindi, urefu wa sentimita 7, upana wa 3, mviringo nchani. Uduara wa kikopo unakupa mpindo wa bure. Katikati weka kipande cha mwanzi cha sentimita 4, majani uyafunge ncha mbili kwa uzi na gundi, kila moja likiinamishwa digrii 30 hivi, theluthi ya pembe mraba, na kwa mielekeo inayopingana. Ukitazama ndege kutoka nyuma, jani lililo upande wa kulia, ukingo wake wa chini ndio uwe mbele. La kushoto kinyume chake, ukingo wa juu mbele. Zungusha kwa kidole kama akrabu za saa, ukitazama kutoka nyuma, huku umeweka kiganja upande wa nyuma: upepo ukikupiga kiganja, umepatia.

Ekseli ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Ipitishe kwenye kipande kidogo cha mrija wa wino wa kalamu ya bolpeni, kilichofungwa mbele ya uti, na kati ya mrija na pangaboi tia ushanga mmoja mdogo uliopakwa tone la mafuta ya cherehani. Ushanga huo hupunguza msuguano kuliko unavyodhani. Ukiuomba kwa mwenye nao, eleza vizuri unautakia nini. Upande wa nyuma pinda klipu iwe kulabu. Kulabu ya pili, ya klipu pia, ifunge chini ya uti sentimita 26 kutoka mbele.

Mrija usiuelekeze mbele moja kwa moja. Uinamishe kidogo chini, digrii 3 hadi 5, na kidogo sana kulia. Pangaboi likizunguka kulia, mwili wa ndege hutaka kujiviringisha kushoto, na mpira ukiwa mpya umekazwa ubishi huo ni mkubwa. Mwelekeo wa kulia huupoza. Mwelekeo wa chini huizuia ndege isinyanyue pua mpaka ikakosa hewa chini ya bawa.

Pangaboi lazima pia lisawazike. Shika ekseli ilale: jani moja likishuka kila mara, likwangue kidogo kwa kiwembe.

Hatua ya sita: mpira

Kila mtu hufikiria kwanza tyubu ya baskeli, kwa kuwa ndiyo ya manati. Tyubu nyeusi nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kiwandani ulioundwa kushika hewa. Hauvuji, lakini ukiuvuta hukurudishia sehemu tu ya nguvu uliyouwekea, nyingine hupotea kama joto. Chukua rababendi za kahawia, zile za kufungia noti na mafungu ya mboga, ambazo ni za utomvu wa mpira. Zifungamanishe kitanzi ndani ya kitanzi mpaka upate mnyororo wa sentimita 30, na uwe na minyororo miwili ya kwenda pamoja kati ya kulabu mbili. Ndiyo, utaning'inia kidogo ukiwa haujasokotwa. Ni sawa.

Mpira mkavu hujikwaruza wenyewe ukisokotwa, kwa hiyo hupakwa kitu cha kuuteleza. Na hapa Mpemba yeyote atanyoosha mkono kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Usifanye. Mafuta ya nazi, Vaseline na mafuta ya injini huuvimbisha na kuuozesha mpira. Changanya sabuni ya maji na gliserini ya duka la dawa kiasi sawa, sugua kidogo kati ya vidole. Ukimaliza siku, osha kwa maji, kausha kivulini, upake poda, utie kwenye kopo lenye kifuniko. Jua na joto ndio maadui wakubwa wa mpira.

Ni mizunguko mingapi? Hakuna jibu la jumla, kwa kuwa rababendi za duka hili si za duka lile. Tengeneza seti moja zaidi, uihukumu: sokota ukihesabu mpaka ikatike. Ikikatika kwenye 400, basi ndege yako usiipe zaidi ya 300. Vaa miwani wakati wa kufanya hivyo. Mpira uliojaa ukikatika usoni si mzaha.

Kwa kidole, ukiwa umetazamana na pua ya ndege, sokota kufuata akrabu za saa. Ni kazi ndefu. Njia ya mafundi ni kumpa mwenzako ashike ndege na pangaboi, wewe uchomoe mpira kwenye kulabu ya nyuma, uutie kwenye ndoano iliyobanwa katika drili ya mkono, urudi nyuma mpaka mpira uwe umenyooka mara tatu ya urefu wake, ndipo uanze kusokota. Ukifika nusu ya hesabu, anza kusogea mbele taratibu huku unaendelea. Mpira uliosokotwa umevutwa hubeba mizunguko mingi zaidi. Hakikisha tu kwanza ndoano ya drili, ukiwa umesimama nyuma ukiitazama ndege, inazunguka kufuata akrabu za saa vilevile.

Hatua ya saba: kusawazisha

Funga bawa juu ya uti kwa rababendi, ukingo wa mbele sentimita 9 kutoka mwanzo wa uti. Chini ya ukingo huo wa mbele tia kipande cha milimita 3, ili bawa litazame juu kidogo kuliko mkia. Sasa iinue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele. Ikae sawa. Ikiinamisha pua, sogeza bawa mbele; ikiinamisha mkia, lisogeze nyuma. Hii ndiyo sababu bawa hatulibandiki kwa gundi.

Kisha simama nyuma yake, ufumbe jicho moja. Nusu mbili za bawa zimekaa sawa? Moja imejikunja? Ipumulie pumzi ya joto, uikunjue kwa vidole, ushikilie mpaka ipoe.

Hatua ya nane: kiwanjani

Nenda baada ya sala ya alfajiri, kabla ya saa 1 asubuhi, au jioni upepo unapolala kabla ya magharibi. Kiwanja cha Tibirinzi kinafaa asubuhi, kabla ya wenye mpira wao mwingine hawajafika. Miezi mizuri ni ya maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, ila uibie vipindi kati ya mvua. Wa Unguja waliozoea pwani ya mashariki, Jambiani na jirani zake, wana mchanga mpana wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa. Alfajiri tulivu hapo ni neema. Kaa mbali na njia ya ndege za watu zinazotua. Na msimu wa karafuu, angalia mikeka iliyoanikwa. Ndege ikishuka katikati ya karafuu za mtu, nenda na salamu kwanza.

Usisokote mpira bado. Nasisitiza, kwa sababu hakuna anayenisikia. Mpwa wangu alikaza mizunguko yote siku ya kwanza, akaachia, ndege ikapiga duara moja na kujichimbia chini. "Mjomba, mbona hairuki?" Nikamwambia imeruka, ila kuelekea chini.

Shika ndege kwenye uti, chini ya bawa, kimo cha bega, pua ikiinama kidogo sana, uisukume mbele kama unayemkabidhi mtu kitu, usiitupe. Itazame. Ikipanda, ikasita, ikadondosha pua, kisha ikapanda tena, pua ni nyepesi: sogeza bawa nyuma milimita 2, au bandika kijipande cha udongo wa kuchezea puani. Ikienda chini moja kwa moja, sogeza bawa mbele milimita 2. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Unaporidhika ni pale inapoteleza mita 8 au 10 bila kuyumba, ikigusa nyasi kwa tumbo.

Ndipo upe mizunguko 50. Shika pangaboi kwa mkono mmoja, uti kwa mwingine, achia pangaboi kwanza kisha usukume ndege taratibu. Katika mizunguko michache kosa huonekana polepole, na ndiyo faida yake. Ikikata kona kali kushoto, ongeza mwelekeo wa kulia wa mrija. Ikisimamisha pua wakati wa nguvu lakini ikateleza vizuri nguvu ikiisha, usiguse bawa. Inamisha mrija chini zaidi. Hilo watu hulikosea sana, wanaharibu mtelezo mzuri kwa kutibu ugonjwa wa pangaboi. Kila ikitulia, ongeza mizunguko 50. Pinda ukingo wa nyuma wa pezi kidogo sana iende duara pana, la sivyo utatembea mpaka Gombani kuifuata.

Utakapozoea, kuanzia saa 3 au 4 asubuhi tazama mwewe. Akizunguka bila kupiga bawa, chini yake kuna hewa ya joto inayopanda, mara nyingi juu ya lami au kiwanja kikavu. Ukiiachia ndege hapo inaweza kupanda hata mpira ukiwa umekwisha. Yangu moja ilipanda hivyo siku ya kusi jepesi, ikaenda ikawa nukta, ikapotelea upande wa mikoko.

Kwa hiyo andika namba yako ya simu chini ya bawa kwa wino usiofutika kwa maji. Ile yangu ilirudi baada ya siku tatu, imeletwa na kijana mvuvi, mkia umeliwa na kaa na mpira umegeuka uji. Aliishika kwa vidole viwili akaniuliza kwanza kama italipuka.